Keki ya Makosa ya Jytte Ravnkilde

Jikoni kwetu, kwenye maabara yetu pale Århus, kuna daftari la kijani limefungwa kamba ukutani karibu na mashine ya kahawa, na ndani yake yameandikwa makosa yetu yote tangu mwaka 1994. Ukiacha friza wazi, unaoka keki. Ukimwaga seli za mwenzako kwenye sinki, unaoka keki. Ukibandika lebo ya ini kwenye kichupa cha figo, unaoka keki, na Ijumaa saa tatu asubuhi unaileta mezani, unaandika kwa mkono wako jina lako, kosa lako na aina ya keki, kisha wenzako wanaitafuna aibu yako kwa kahawa. Wadenmaki hawagombezani kazini. Wanalishana.

Mimi nimo mara nne. Niliwahi kuacha taa ya darubini ikiwaka Pasaka nzima mpaka ikaungua, na hiyo ilikuwa keki ya chokoleti. Malthe Brorholt, mwanafunzi wetu wa uzamivu, alikuwa amefikisha keki kumi na moja kwa miaka miwili, tena nyingine alizinunua dukani, jambo ambalo kwa maoni ya wengi lilistahili keki ya peke yake. Mkuu wetu, Profesa Torkild Hvidkjær, hakuwa na hata moja, lakini huyo hahesabiki. Mtu ambaye hajashika kichupa tangu watoto wake walipoacha nepi atakosea wapi?

Aliyekuwa safi kwelikweli ni Jytte Ravnkilde, fundi wa maabara. Miaka ishirini na tisa, kila siku na vichupa mkononi, na jina lake halimo hata kwenye ukurasa mmoja. Daftari lenyewe alilinunua yeye, wiki yake ya kwanza kazini, akalitundika yeye, na kamba akaifunga fundo ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Alijua kwamba hayumo, alijua kwamba sisi tunajua, na nisimsafishe kupita kiasi: alikuwa anaringia jambo hilo. Ukiingia jikoni na keki yako ya aibu, yeye ndiye wa kwanza kushika kisu. Alikuwa anakata vipande vilivyolingana, anaonja, anasema, "Hii imepungukiwa sukari," halafu anakuonyesha kalamu.

Alikuwa na miaka sitini na tatu wakati wa mambo haya. Alizaliwa Salling, kwa mfugaji wa nguruwe, na baba yake alitaka aolewe na jirani mwenye zizi kubwa zaidi. Jytte akapanda basi, akaenda kusomea ufundi wa maabara, akaja kuolewa na Ejvind, bwana mpole anayefuga njiwa wa mashindano na ambaye nadhani hajawahi kumaliza sentensi mbele ya mkewe. Alikuwa mrefu, mkavu, nywele amejikata mwenyewe. Alikuja kwa baiskeli hata siku ambazo upepo ulikuwa unawarudisha watu nyuma. Saa tano na nusu kamili alikuwa anakula mkate mweusi wa shayiri uliopakwa maini ya kusaga, na tango la siki juu yake, siku zote hivyohivyo. Maziwa yake kwenye friji aliyaandika jina na tarehe. Hakuvua glovu hata anapofungua dirisha, kwa sababu jasho la vidole huvunjavunja kile tunachokitafuta, na alituamini sisi na vidole vyetu kiasi kidogo sana.

Tunachokitafuta ni nyuzi. Ndani ya kiini cha kila seli, jeni hunakiliwa kuwa nyuzi zinazoitwa RNA. Zile ambazo kila mtoto wa sekondari anazijua hubeba maelekezo ya kutengeneza protini. Lakini zipo nyingine, ndefu kupindukia, zisizotengeneza protini yoyote, na kwa miaka mingi wakubwa wa fani waliziita takataka, maana wakubwa wa fani wasipokielewa kitu ndivyo wanavyokiita. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya takataka hizo ndizo zinazoshikilia nyumba. Uzi mmoja unakaa katikati, protini zinaushika kama nyama kwenye mshikaki, na ndani ya kiini kinatokea kidoto, kama nukta ndogo, ambacho seli hukitumia kupanga na kutunza vitu vyake. Ukiuondoa uzi, kidoto kinasambaratika.

Uzi wa kwetu aliugundua Torkild enzi za ujana wake, akaupa jina la bibi yake, Ebba, na jina hilo limechapishwa dunia nzima. Bibi mwenyewe, nasikia, alikuwa akiuza samaki wa moshi kule Skagen na alikufa bila kujua kama ana seli. Kwetu mtu akisema, "Ebba leo kapungua," hakuna anayempa pole.

Basi Malthe akapewa kazi ya kuzipasha moto seli na kumpima Ebba. Malthe ni kijana mrefu mwenye nywele zilizofungwa fundo utosini, ana akili, ana haraka, na kila kitu cha zamani kwake ni cha kurekebishwa. Akapasha seli kwa muda wa saa moja, akapima. Ebba hayupo. Akarudia, hayupo tena. Torkild alipoona matokeo yale alivimba kichwa kiasi kwamba kofia ya baiskeli ilimshinda. Akatunga maelezo mazima wiki ileile: seli ikipata shida inamfukuza Ebba, vidoto vinavunjika, protini zinatawanyika kwenda kufanya ukarabati. Aliita jambo hilo Kuondoka kwa Ebba, na alilitamka kwa sauti ya mtu anayesoma risala kaburini. Jarida moja kubwa lilikuwa linasubiri makala.

Utaratibu wetu ni kwamba kabla makala haijatoka, mtu mwingine lazima arudie kipimo, na mtu huyo kila siku ni Jytte. Akapasha seli, akapima. Ebba hakuondoka. Ebba aliongezeka, mara tatu na nusu. Jytte akarudia, yaleyale. Akarudia mara ya tatu, akaweka karatasi juu ya meza ya Torkild, akaenda kula mkate wake.

Hapo ndipo utamu ulipoanza. Kwetu hakuna anayemwita profesa "Profesa". Ni Torkild, na yeye anakuita Jytte, mnakunywa kahawa ya chupa moja, mlango wa ofisi yake uko wazi siku zote, na ukizoea hayo unasahau ni nani anayesaini likizo yako. Jumatatu asubuhi tulikaa wanne jikoni, Torkild, Jytte, Malthe na mimi, na Torkild akazungumza kwa upole wake ule ambao mimi siku hizi nikiusikia natafuta koti langu.

"Jytte, hakuna anayekulaumu," alisema. "Macho yanachoka, mikono inachoka. Mimi mwenyewe siku hizi simwamini mtu anayeitwa mimi."

"Mikono yangu haijachoka."

"Sijasema imechoka. Nasema kuna uchafu umeingia mahali. Inatokea. Wewe lete keki Ijumaa, tucheke kidogo, mchana makala iende zake." Akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Ila ukiona kazi ya vichupa imekuwa mzigo, kule chini kwenye chumba cha kuoshea vyombo wanahitaji mtu mzoefu. Kumetulia. Na wewe pensheni yako ni miezi kumi na minne tu."

Malthe aliangalia simu. Jytte aliangalia daftari la kijani. Sote tulielewa hesabu ilivyokaa. Akileta keki, ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwenye daftari lake mwenyewe, kwamba baada ya miaka ishirini na tisa amekosea, na uongo wa Ebba kuondoka unatoka mchana wa siku hiyohiyo ukiwa na baraka zake. Asipoleta, anamalizia utumishi wake chini ya ardhi akisugua chupa za watu.

Na sasa niseme na langu, maana aliyekuwa amekaa pale kama kiti cha ziada nilikuwa mimi. Darubini naiendesha mimi. Protini za vidoto zile nazipaka rangi ya kung'aa mimi, na mwezi wa Agosti nilikuwa nimeziangalia seli za Malthe zilizopashwa moto, nikaona vidoto havijavunjika hata kimoja. Vilikuwa vinene zaidi. Nilimwambia Torkild, naye akanieleza kwa dakika ishirini kwamba ninachokiona ni maganda matupu, nyumba ambayo mwenyewe kahama. Nikasema sawa. Mkataba wangu ulikuwa unapitiwa upya mwezi wa Novemba, nami nina sababu nyingine nzuri nzuri ambazo sina haja ya kuzitaja kwa kuwa zote ni hiyohiyo. Niliona aibu Jumatatu ile, nikanywa kahawa juu yake.

Jumatano saa tano na nusu Jytte alikuja na mkate wake akakaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitafuna kwanza.

"Mbaruku, zile seli za moto za Malthe umeziangalia?"

"Nimeziangalia."

"Vidoto vipo?"

"Vipo. Vimenenepa."

"Umemwambia nani?"

"Torkild. Kasema ni maganda matupu."

"Na wewe ukasemaje?"

Nilimwambia sikusema kitu. Akachukua kipande cha tango kilichoanguka, akakirudisha juu ya mkate.

"Una miaka mingapi hapa Denmark?"

"Ishirini na miwili."

"Basi umeshakuwa wa hapa kabisa," alisema, akaondoka na sahani yake.

Nimetukanwa na watu wengi katika nchi mbili, lakini ile sijaisahau.

Mchana akamfuata Malthe, akamwomba amwonyeshe anavyofanya, hatua kwa hatua. Malthe alikasirika, akadhani anakaguliwa, kisha akaamua kumwonyesha kwa ule upole anaoutumia kumfundisha mama yake simu. Akafungua kitini kilichokuja na dawa, chenye hatua saba na picha. Unamwagia seli dawa ya majimaji yenye rangi ya waridi inayoziyeyusha. Unaongeza dawa ya pili, unatikisa, unaweka kwenye mashine inayozungusha. Kichupa kikitoka kina matabaka matatu: juu maji meupe ambamo RNA zimo, katikati utando mweupe wa protini kama ukoko wa maziwa, chini ile dawa ya waridi. Unafyonza tabaka la juu, unapima. Yaliyobaki unatupa.

"Na kukipasha kichupa je?" Jytte akauliza. "Na sindano?"

"Sindano gani?"

"Kabla hujazungusha."

"Kwenye kitini hamna sindano."

Jytte alikaa. Yeye tangu mwaka 1998, siku alipoletewa maini ya nguruwe yenye nyuzinyuzi yaliyomshinda kila mtu, alikuwa na kawaida ya kukipasha kile kichupa cha waridi dakika kumi na kuupitisha ujiuji wake kwenye sindano nyembamba mara ishirini, juu na chini, kabla ya hatua nyingine yoyote. Haikuwa sayansi kubwa. Binti wa mfuga nguruwe hakubali kuona mabonge kwenye maini, basi. Aliandika hivyo kila siku kwenye madaftari yake ya kazi, kwa penseli, miaka na miaka, na kwa kuwa madaftari ya fundi hayasomwi na mtu, siri yake ilitunzika vizuri kuliko kama angeificha.

Nilimkuta pale amekaa, Malthe ameshaenda zake, na ndipo akanieleza alichokiona. Ebba ameshikwa na protini pande zote. Ukizungusha kichupa bila kumlegeza kwanza, protini zinakwenda kwenye utando wa katikati, na yeye anakwenda nazo. Seli zikipata joto zinamkaza zaidi, ndiyo maana tabaka la juu linakuwa tupu. Kwa hiyo kadiri Ebba anavyofanya kazi yake ya kushikilia, ndivyo kwenye kipimo cha Malthe anavyoonekana hayupo. Torkild alikuwa ameandika kurasa kumi na nne kuhusu kuondoka kwa mtu ambaye hajasogea.

"Sasa utathibitishaje?" nikamuuliza.

"Kwani takataka za Malthe zimekwenda wapi?"

Zilikuwa kwenye friza. Jytte hatupi kitu. Ilikuwa moja ya kero zake kubwa, na Malthe alikuwa ameshaandika barua pepe mbili kulalamika kwamba droo ya nne imejaa vichupa vyake mwenyewe alivyokwisha kuvitupa, eti fundi anaviokota pipani. Alhamisi Jytte akavitoa vyote tisa, vikiwa na lebo na mwandiko wa Malthe, akavipasha, akachukua sindano, akaanza. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Juu, chini, mara ishirini kila kichupa, bila haraka, mdomo ukihesabu. Saa nane mchana mashine ya kupimia ikatoa mistari yake. Ebba alikuwemo kwenye vichupa vyote, kwenye ule ukoko uliotupwa, na kwenye vile vilivyopashwa moto alikuwa mara tatu na nusu.

Nilitaka tukamwambie Torkild palepale. Jytte akasema hapana, ameambiwa alete keki Ijumaa na Ijumaa atakuja nayo. Nilimwona anazima taa za meza yake, anapanga kalamu zake kwa urefu. Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema ndiyo, bila kugeuka.

Ijumaa saa tatu alifika na sanduku limefungwa nyuma ya baiskeli. Torkild alipoliona uso wake ulifunguka. Alimshika bega, akasema alijua tu kwamba Jytte ni mtu mkubwa, akatuita wote, hata wale wa ofisi ya mbele ambao huja tu wakisikia keki. Nayo ilikuwa keki haswa, ile ya matabaka wanayoioka siku za kuzaliwa: keki laini, jemu ya stroberi, keki tena, kastadi, keki ya tatu, na juu kabisa malai ya kupigwa yaliyojaa kama theluji ya Februari, na vibendera vitatu vidogo vyekundu. Torkild akakaa kwenye kiti chake. Jytte akachukua kisu.

Lakini hakukata kwenda chini kama watu wanavyokata. Alikilaza kisu, akakipitisha ubavuni, akanyanyua kipande cha tabaka la juu peke yake, malai na kibendera, akakiweka kwenye sahani ya Torkild.

Torkild alikiangalia. "Jemu iko wapi?"

"Hamna jemu."

"Jytte, naiona pale."

"Kwenye sahani yako ipo?"

"Kwenye sahani yangu haipo, lakini—"

"Basi imeondoka," alisema Jytte. "Andika makala."

Watu wa ofisi ya mbele walicheka, wakidhani ni mchezo wa siku ya kuzaliwa. Jytte akatoa karatasi mfukoni mwa koti, akaikunjua kando ya keki, akaeleza kwa sentensi fupi nne: vichupa ni vya nani, ukoko umetoka wapi, amefanya nini, amekuta nini. Hakupandisha sauti. Kisu alikuwa bado amekishika na malai yalikuwa yanadondoka mezani.

Torkild alisoma mara mbili. Kisha, kwa upole uleule, akaanza kusema kwamba vichupa vya zamani vina hatari ya uchafu, na kwamba tusikimbilie. Malthe ndiye aliyemkatiza. Alikuwa amekuwa mwekundu kuanzia shingoni mpaka kwenye lile fundo la nywele.

"Ni vyangu," alisema. "Lebo ni zangu. Nilitupa mwenyewe."

Hapo nikajisikia natoa sauti, nyembamba, kama ya mtu mwingine. "Na vidoto vipo, Torkild. Vipo tangu Agosti."

"Hilo tulishaliongea, Mbaruku."

"Uliliongea wewe," nikasema, na huo ndio ushujaa wangu wote, mwaka mzima.

Jytte alikuwa ameshafika ukutani. Alilishika daftari la kijani, akaandika akisoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayetoa imla. Torkild: ameangalia tabaka la juu tu. Torkild akasema yeye hajashika kichupa hata kimoja, na Jytte akamjibu kwamba ndicho anachokiandika. Malthe: ametupa asichokiangalia. Mbaruku: ameona, akanyamaza. Nilidhani amemaliza. Alibaki na kalamu juu ya karatasi mpaka kahawa yangu ikaanza kupoa, na nikaona kwamba hapo ndipo palikuwa pagumu kwake kuliko kisu na karatasi na Torkild mwenyewe.

Kisha akaandika jina ambalo halijawahi kuwemo. Jytte: alijua sindano tangu 1998, hakumfundisha mtu kwa sababu hakuulizwa.

Akafunga daftari. "Keki moja kwa wanne," alisema. "Na haijapungukiwa sukari." Safari hii akaikata kama keki, kwenda chini mpaka kwenye sahani, akampa kila mtu na jemu yake.

Makala haikwenda mchana ule. Ilikwenda mwaka uliofuata ikiwa nyingine kabisa, inasema kwamba Ebba haondoki, anakazwa, na kwamba kumpata kunahitaji uvumilivu wa pekee. Jarida lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Kichwa cha habari kina jina la Ebba. Chini yake kuna jina la Malthe, langu, na la Torkild mwishoni, mahali pa heshima. Jytte yumo pia, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, kwenye shukrani, baada ya waliotukopesha mashine na kabla ya waliotupatia seli. Ile hatua ya kupasha na sindano sasa imo kwenye kitini chetu kipya, ni hatua ya pili, na inaitwa njia ya Hvidkjær, kwa jina la ukoo wa Torkild. Nilimuuliza Torkild kwa nini. Akasema majina kama hayo huja yenyewe tu.

Chumba cha kuoshea vyombo hakikutajwa tena. Jytte alimaliza miezi yake kumi na minne mezani kwake, na kila Jumanne mchana alikuwa anasimama nyuma ya Malthe akimhesabia sindano. Malthe alilalamika mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu nilimkuta anamwokotea Jytte vichupa pipani.

Siku ya kumuaga ilikuwa Ijumaa, saa tatu. Ejvind alikuja, amevaa tai yenye picha ya njiwa. Torkild alisimama na kikombe chake akatoa hotuba, na nasikitika kusema ilikuwa hotuba nzuri. Alisema kuna nyuzi ndani ya seli ambazo hazitengenezi chochote zenyewe, watu waliziita takataka, kumbe ndizo zinazoshikilia kila kitu. "Jytte," alisema, "wewe ndiye Ebba wetu." Watu wakapiga makofi. Wa ofisi ya mbele walifuta machozi.

Jytte alisubiri makofi yaishe, akaweka chini sahani yake.

"Asante, Torkild," alisema. "Ila Ebba jina lake liko juu ya makala."

Ejvind, ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi, alicheka mpaka mwisho. Jytte akavaa kofia yake ya baiskeli, akapita jikoni, akafungua lile fundo la kamba kwa vidole viwili, akaondoka na daftari.